Svinhufvud na watu wa Lapua: namna ya kuwazuia wakereketwa wa upande wako

Kila chama kina watu wake ambao viongozi huwazungumzia kwa sauti ya chini. Ni wale wakereketwa waliovuka mpaka: wanavunja mikutano ya wapinzani, wanapiga, wanateka, kisha wanarudi na kusema wamefanya yote hayo kwa ajili ya chama. Kuwalaani wenye msimamo mkali wa upande wa pili hakumgharimu mtu kitu. Kazi iko kwa hawa wa kwetu. Wanabeba bendera yetu, wanawachukia tunaowachukia, na mara nyingi wanayatamka hadharani yale ambayo wengi wetu tunayanong'ona. Kisa ninachokichambua hapa ni cha vuguvugu la Lapua na Svinhufvud, mwanasiasa wa kihafidhina wa Ufini, kuanzia 1929 hadi mwishoni mwa miaka ya 1930. Nimekichagua kwa sababu watu walewale waliwalea wakereketwa wao, wakawazuia, wakarudi kuwalea tena, kisha wakaachana nao kabisa. Ni nadra kuona hatua zote nne ndani ya kambi moja, katika muda usiozidi miaka saba.

Lazima tuanzie 1918, la sivyo hasira ya watu hawa haitaeleweka. Ufini ilijitangazia uhuru kutoka Urusi tarehe 6 Desemba 1917, na wiki chache baadaye nchi ikapasuka. Wekundu, waliotoka zaidi katika tabaka la wafanyakazi na wakulima wasio na ardhi, walipigana na Weupe walioongozwa kijeshi na Jenerali Mannerheim. Weupe walishinda. Waliokufa ni zaidi ya watu 36,000 katika taifa dogo, na kati yao zaidi ya 12,000 waliangamia kwa njaa na maradhi ndani ya kambi za wafungwa baada ya risasi kunyamaza. Kwa mkulima wa magharibi mwa Ufini aliyepigania upande wa Weupe, ukomunisti haukuwa neno la vitabuni. Alikuwa amezika ndugu, na ng'ambo ya mpaka palikuwa na Umoja wa Kisovieti. Nayasema haya mapema kwa sababu wachambuzi wengi hupenda kuwaonyesha wenye msimamo mkali kama wendawazimu waliojitokea tu. Hofu yao ilikuwa na chanzo, na hicho ndicho kilichowafanya wenzao wenye busara washindwe kuwakemea.

Mwishoni mwa Novemba 1929 vijana wa kikomunisti walifanya mkutano katika mji mdogo wa Lapua, eneo la wakulima wacha Mungu na ngome ya Weupe tangu mwanzo. Wenyeji waliwavamia, wakawararua mashati mekundu na kuuvunja mkutano. Kutoka hapo likazaliwa vuguvugu lililochukua jina la mji huo, na sura yake ikawa Vihtori Kosola, mkulima wa palepale. Machi 1930 watu wa Lapua walivunja mitambo ya kuchapa gazeti la kikomunisti mjini Vaasa. Kesi ilipofunguliwa, makumi ya watu walitia saini kwamba wao ndio waliofanya, kwa fahari, kana kwamba wanajiandikisha kwa tuzo. Mwanzoni mwa Juni, siku ya kesi, wakili na mwanasiasa wa mrengo wa kushoto aliyesimama upande wa gazeti, Asser Salo, alikamatwa na umati, akapigwa na kusombwa kwa gari.

Utekaji ukawa desturi. Mtu aliyetuhumiwa kuwa mkomunisti, na baadaye hata msoshalisti wa kawaida, alichukuliwa nyumbani au barabarani, akapakiwa kwenye gari, akapigwa, akapelekwa hadi mpaka wa Umoja wa Kisovieti. Wengine walisukumwa wavuke. Waliotekwa kwa namna hiyo walizidi 200, na wapo waliouawa.

Jambo linalonisumbua katika hatua hii ni mwenendo wa watu waungwana. Vyama vya upande wa Weupe vilikuwa kadhaa: chama cha kihafidhina cha Muungano wa Taifa, ambacho Wafini hukiita Kokoomus, Chama cha Wakulima, chama cha waliberali, na chama cha wanaozungumza Kiswidi. Humo mlikuwa na majaji, wachungaji, maprofesa na wenye viwanda. Wengi wao wasingethubutu kumpiga mtu kofi. Lakini ukisoma historia ya miezi ile unawakuta wakitumia lugha ambayo kila mwanachama wa chama chochote anaijua. Walisema vijana wamezidisha, ila nia yao ni njema. Walisema tatizo la msingi ni wakomunisti, tukishughulika na hao na hawa watatulia. Walisema si wakati wa kugawanyika. Na lile kubwa kuliko yote: tukiwakemea hadharani, adui atafurahi.

Katika sentensi zote hizo hamna uongo mtupu. Wakomunisti kweli walikuwa na uhusiano na Moscow. Kuwakemea Lapua kweli kungewafurahisha wasoshalisti. Ndiyo maana mantiki hii humteka hata mtu mwema: kila kipande chake kina ukweli kidogo, na ukiviunganisha vinakupeleka kumfumbia macho mtu anayeteka wenzake. Mtu wa kwanza kuhoji ndani ya kikao huonekana msaliti, wa pili hujifunza kwa wa kwanza akanyamaza.

Kiangazi cha 1930 ndicho kilele cha kulea. Serikali ya Kyösti Kallio wa Chama cha Wakulima, ambaye hakuwapenda Lapua, iliondoka mwanzoni mwa Julai. Pehr Evind Svinhufvud, mzee wa wahafidhina na shujaa wa upande wa Weupe, akaunda serikali mpya. Tarehe 5 Julai watu wa Lapua waliingia ndani ya jengo la Bunge na kuwatoa kwa nguvu wabunge wawili wa mrengo wa kikomunisti waliokuwa kwenye kikao cha kamati ya katiba. Siku mbili baadaye wakulima zaidi ya 12,000 waliandamana mjini Helsinki. Rais Relander, waziri mkuu Svinhufvud na Mannerheim walikuwapo kuwapokea. Tafakari mpangilio huo wa siku: Jumamosi wabunge wanatekwa ndani ya Bunge, Jumatatu rais wa nchi anausalimia umati wa vuguvugu lililowateka.

Serikali ya Svinhufvud haikuwakamata watekaji. Iliagiza wabunge wa kikomunisti waliobaki wakamatwe. Kisha ikaleta miswada ya kuzuia shughuli zote za kikomunisti, na Bunge lilipogoma kuipitisha kwa haraka iliyotakiwa, likavunjwa. Uchaguzi wa Oktoba ulifanyika huku watu wakitekwa. Wasoshalisti walipata viti 66 kati ya 200, na walihitaji 67, yaani zaidi ya theluthi moja, ili kuizuia miswada. Kokoomus ilipanda kutoka viti 28 hadi 42, ushindi mkubwa kwa chama kilichosimama karibu na vuguvugu. Novemba sheria za kupinga ukomunisti zikapita, pamoja na sheria ya kuilinda jamhuri iliyompa rais na serikali mamlaka ya dharura. Msomaji aikumbuke sheria hiyo ya mwisho.

Hoja ya wapole ilikuwa kwamba Lapua wakipewa walichokitaka, watarudi mashambani. Hoja hiyo ilipata jibu lake hata kabla sheria hazijapita. Tarehe 14 Oktoba 1930 asubuhi, K. J. Ståhlberg alikuwa akitembea na mkewe Ester karibu na nyumbani kwao Helsinki. Wakatekwa, wakasafirishwa kwa gari hadi Joensuu, mashariki mwa nchi, kuelekea mpaka. Huko waliachiwa. Ståhlberg alikuwa rais wa kwanza wa Ufini, 1919 hadi 1925, msomi wa sheria aliyeongoza uandishi wa katiba ya jamhuri. Hakuwa mkomunisti wala msoshalisti. Alikuwa mliberali aliyeamini sheria. Na uchunguzi ulipofika juu ulimgusa Jenerali Kurt Martti Wallenius, mnadhimu mkuu wa jeshi.

Tazama safari ilivyokwenda ndani ya mwaka mmoja: kutoka kurarua mashati ya vijana wa kikomunisti hadi kumteka rais mstaafu. Orodha ya maadui ilianza na wakomunisti, ikawafikia wasoshalisti, ikawafikia waliberali. Sidhani hii ilikuwa bahati mbaya. Kundi linalopata heshima yake kwa kumpata adui haliwezi kukubali kwamba maadui wameisha, kwa kuwa siku wakiisha, Kosola anarudi kuwa mkulima kama wakulima wengine. Kwa hiyo mtaro unachimbwa upya, kila mara karibu zaidi na nyumba yako. Ukicheka na nyani utavuna mabua, na wahafidhina wa Ufini walikuwa wamecheka naye msimu mzima.

Utekaji wa Ståhlberg uliwashtua watu. Umaarufu wa Lapua ulishuka kwa kasi, hasa katika Chama cha Wakulima na kwa wachungaji na walimu waliokuwa wamewashangilia kiangazi. Ila mshtuko haukugeuka uamuzi. Februari 1931 wajumbe 300 wa uchaguzi walikutana kumchagua rais, na katika raundi ya tatu Svinhufvud alimshinda Ståhlberg huyohuyo kwa kura 151 dhidi ya 149. Watu wa Lapua walikuwa wameshaeleza wazi kwamba Ståhlberg hawamtaki. Walihesabu ushindi ule kuwa wao. Mzee wao sasa alikuwa ikulu.

Mwaka mmoja baadaye ndipo jambo lilipofika mwisho wake. Jioni ya tarehe 27 Februari 1932, Mikko Erich, mwanasiasa wa Wasoshalisti, alikuwa na mkutano katika nyumba ya wafanyakazi huko Ohkola, wilaya ya Mäntsälä, kaskazini ya Helsinki. Mamia ya watu wenye silaha walifika na kuuvunja kwa risasi. Wengi wao walikuwa wa Walinzi wa Raia, kikosi cha kujitolea kilichotokana na jeshi la Weupe na kilichokuwa na makumi ya maelfu ya wanachama nchi nzima, pamoja na bunduki. Safari hii hawakurudi nyumbani. Walibaki Mäntsälä, viongozi wa Lapua wakajiunga nao, Kosola na Wallenius wakiwamo, na wakaanza kutoa masharti kwa serikali ijiuzulu. Wito ulitumwa kwa Walinzi wa Raia kila mahali wajikusanye. Katika miji kadhaa waliitikia.

Hapa hatari ilikuwa halisi. Jeshi na Walinzi wa Raia waliongozwa na watu walewale waliopigana bega kwa bega mwaka 1918. Kama askari wangeamriwa kuwafyatulia risasi wenzao wa zamani, hakuna aliyekuwa na uhakika nani angetii. Upande mwingine, kama serikali ingelegea, ingekuwa imefuata njia ya Italia ya 1922, ambako mfalme alimpa Mussolini serikali huku wafuasi wake, Mashati Meusi, wakiwa njiani kuelekea Roma. Watu wa Lapua waliujua mfano huo na waliusifu.

Svinhufvud alikuwa na umri wa miaka 70. Serikali ya waziri mkuu Juho Sunila iliitumia ile sheria ya kuilinda jamhuri, iliyotungwa 1930 kwa shinikizo la Lapua wenyewe dhidi ya wakomunisti, na kwa sheria hiyo ikaamuru viongozi wa uasi wakamatwe. Jeshi chini ya Jenerali Aarne Sihvo lilijipanga kuilinda Helsinki. Kisha, jioni ya tarehe 2 Machi, rais akazungumza redioni.

Alichosema kilikuwa kifupi na kinyoofu. Alieleza kwamba katika maisha yake yote marefu amepigania sheria na haki zidumu, na kwamba hawezi kuruhusu sheria ikanyagwe sasa na raia waongozwe kupigana wao kwa wao kwa silaha. Aliwataka Walinzi wa Raia waliojikusanya warudi makwao. Aliahidi kwamba wanaorudi kwa amani hawataadhibiwa, isipokuwa wachochezi. Na alisema anatenda kwa wajibu wake mwenyewe. Watu wakaanza kuondoka. Tarehe 6 Machi uasi ulikuwa umekwisha bila vita. Kosola na Wallenius walikamatwa, na mwezi huohuo vuguvugu la Lapua likapigwa marufuku.

Kwa nini maneno ya mzee mmoja yalifanya kazi ambayo bunduki pengine zisingeiweza? Jibu la haraka ni kwamba watu walimheshimu. Heshima hiyo inabidi ifunguliwe ndani tuone imetengenezwa na nini.

Kwanza ni maisha yake kabla ya uhuru. Chini ya utawala wa Urusi, Svinhufvud alikuwa jaji. Mwaka 1914 alikataa kupokea amri za afisa wa sheria ambaye, kwa hesabu yake, aliteuliwa kinyume cha sheria za Ufini, na kwa hilo akapelekwa uhamishoni Siberia hadi mapinduzi ya 1917 yalipomfungulia njia ya kurudi. Kwa hiyo aliposema amepigania sheria maisha yake yote, kila aliyekuwa akimsikiliza alijua kwamba alilipia. Uzalendo ambao watu wa Lapua waliuimba, yeye aliuishi kwa njia ya kukataa kuvunja sheria. Aliwaambia, bila kulitamka hivyo, kwamba kutii sheria ndiyo historia ya upande wao.

Pili, hawakuweza kumwita adui. Msoshalisti angesema maneno hayohayo na wangemcheka. Ståhlberg angesema nao wangesema anasema hivyo kwa sababu ni Ståhlberg. Svinhufvud aliongoza serikali ya Weupe 1918. Walimpigia debe 1931. Yeye ndiye ishara yao, na ishara ilipowageuka hawakuwa na maneno ya kumjibu. Katika kisa hiki nguvu ya kuwazuia wakereketwa ilikuwa mikononi mwa watu wasiopenda kuitumia, yaani wale wanaoheshimiwa na wakereketwa wenyewe. Wapinzani walipaza sauti tangu 1929 na sauti zao ziliwazidishia Lapua ari.

Tatu, aliwatenganisha wafuasi na wakuu. Kijana wa Mlinzi wa Raia aliyekuwa amesimama kwenye theluji kwa siku nne, hajui tena kitakachotokea, alipewa mlango wa kutokea bila kuvuliwa utu wake. Hakuambiwa ni takataka. Aliambiwa aende nyumbani. Wakati huohuo viongozi walinyimwa mlango huo. Viongozi wengi wa vyama hufanya kinyume: humtosa kijana aliyeshika rungu na kumlinda mkubwa aliyemtuma.

Na lipo jambo la nne ambalo kwangu ndilo lenye uzito zaidi. Mkutano uliovunjwa kwa risasi ulikuwa wa msoshalisti. Svinhufvud hakuwapenda wasoshalisti kabisa. Katika urais wake wote, 1931 hadi 1937, aliwazuia kuingia serikalini, na alifanya hivyo waziwazi. Asingewapa hata wizara moja, lakini alikuwa tayari kukabiliana na jeshi zima la watu wake ili msoshalisti awe na haki ya kusimama kwenye jukwaa na kuhutubia. Hapo ndipo ninapoona uaminifu wa kichama unavyoweza kukaa pamoja na uaminifu kwa nchi bila kugongana. Hakuhitaji kuhama upande, wala kuwa mtu wa katikati, wala kuwasifu wapinzani. Alibaki mhafidhina hadi kwenye mifupa.

Nisimtakase mno. Mtu yuleyule, miezi ishirini kabla, alikuwa waziri mkuu aliyeupokea umati wa Kosola na kuwakamata waliotekwa badala ya waliowateka. Kuna wanaomtetea kwamba mwaka 1930 alikuwa akivuta muda, akiingiza matakwa ya vuguvugu ndani ya mfumo wa sheria ili lisilipuke nje. Nakubali sehemu ya hoja hiyo. Bila sheria ile ya kuilinda jamhuri, serikali ya 1932 ingekuwa na mikono mitupu. Lakini muda huo aliouvuta ulilipwa na watu wengine. Aliyepigwa na kutupwa mpakani kiangazi cha 1930 hakuwa na hisa katika mkakati huo. Na kila mwezi uliopita bila kukemewa, watu wa Lapua walisogea mbele kidogo, hadi ikawa kinachohitajika si karipio la mwenyekiti wa chama tena, bali hotuba ya rais na vifaru tayari barabarani. Karipio la aina ileile kwa watu walewale mwezi Machi 1930, walipovunja mitambo ya gazeti, lingegharimu kelele za wiki mbili.

Mtu anaweza kuuliza: si ilikuwa bahati tu? Kama Sihvo angesita, kama Walinzi wengi zaidi wangeitikia wito, kama theluji isingekuwa nzito na waasi wasingechoka? Bahati ilikuwapo. Hata hivyo ukubwa wa bahati iliyohitajika ulitokana na kuchelewa.

Baada ya Machi 1932 mtu angetegemea somo limeingia. Halikuingia. Mahakama iliwahukumu viongozi wa uasi kwa adhabu nyepesi, nyingi zikiahirishwa, na Juni 1932, miezi mitatu tu baada ya Mäntsälä, wafuasi wa Lapua walianzisha chama kipya, Harakati za Wananchi Wazalendo, kwa kifupi IKL, Kosola akiwa kiongozi wake. Safari hii walivaa suti ya siasa: mashati meusi, tai za buluu, na kura.

Kokoomus ilikuwa na uamuzi wa kufanya kabla ya uchaguzi wa 1933, na ikachagua kuungana nao kwenye orodha za wagombea. Sababu zilikuwa zilezile za 1930 kwa sauti mpya: tusigawe kura za wazalendo, hawa ni vijana wetu, tukiwaacha nje watakuwa wakali zaidi, tukiwaweka ndani tutawafuga. Matokeo yalikuwa kipigo. Chama kilichokuwa na viti 42 kilibaki na 18. IKL ilipata 14. Hata ukijumlisha vyote viwili, upande huo ulipoteza viti kumi, huku wasoshalisti wakipanda hadi 78. Wapiga kura wa kihafidhina waliotaka utulivu waliondoka kwa kuogopa mashati meusi. Waliotaka mashati meusi waliyapigia kura moja kwa moja, wakijua yanapatikana bila kupitia Kokoomus.

Matokeo haya yanastahili kuwekwa mezani kila mara mtu anaposema kwenye kikao kwamba kuwakata wenye msimamo mkali kutatupotezea kura. Katika kisa hiki kuwakumbatia ndiko kulikopoteza zaidi ya nusu ya wabunge kwa siku moja ya uchaguzi. Sisemi itakuwa hivyo kila mahali. Nasema anayedai kwamba kukumbatia ni hesabu ya busara na kukata ni hisia za wapole, alete hesabu yake.

Mwaka 1934 J. K. Paasikivi alichukua uenyekiti wa Kokoomus. Alikuwa mwanabenki na mwanasiasa mkongwe, mkuu wa serikali mwaka 1918, naye mwanzoni aliwaonea huruma Lapua kama wahafidhina wengi wa umri wake. Kilichomtofautisha ni kwamba aliuvunja muungano na IKL kwa makusudi, kama sera ya chama, wakati chama kikiwa dhaifu kuliko wakati mwingine wowote. Wahenga wa siasa husema chama kilichoshindwa hakipaswi kufukuza watu. Yeye aliona kinyume, kwamba chama chenye viti 18 hakina anasa ya kueleweka vibaya. Baadhi ya wanachama waliondoka na kwenda IKL, wengine walimwita mharibifu. Vijana wa kihafidhina walipaswa kuchagua.

Ushahidi kwamba hakuwa na wivu tu wa kichama ulikuja haraka. Desemba 1935 huko Estonia, ng'ambo ya ghuba, ilifichuliwa njama ya mapinduzi ya mrengo wa kulia, na nyayo zake zikaonekana kufika Ufini hadi kwa watu wa IKL na umoja wake wa vijana, Sinimustat. Umoja huo ukafungwa na serikali mwanzoni mwa 1936. Kama Kokoomus ingekuwa bado kwenye orodha moja nao, ingelazimika kusimama kizimbani mbele ya umma pamoja na vijana wale, ikijieleza kwa mambo ambayo haikuyafanya.

Faida ya Paasikivi haikuja mara moja, na hili lazima lielezwe kwa sababu ndilo linalowakatisha tamaa wenyeviti wengi. Katika uchaguzi wa 1936 Kokoomus ilipata viti 20, nyongeza ya viwili tu, huku IKL ikibaki na 14 vilevile. Miaka miwili ya ugomvi wa ndani, kwa viti viwili. Mtu mwenye pupa angesema sera imeshindwa na kurudi kwenye orodha ya pamoja. Paasikivi mwenyewe aliacha uenyekiti mwaka huo, akapelekwa kuwa balozi Stockholm, lakini chama hakikurudi nyuma.

Mwaka 1938 Urho Kekkonen, waziri wa mambo ya ndani kutoka Chama cha Wakulima, alijaribu njia nyingine: kuifuta IKL kwa amri ya serikali. Mahakama ilikataa na chama kikarudi kuendelea na shughuli zake. Kilichoipunguza kilikuwa polepole zaidi. Tangu 1937 Chama cha Wakulima na Wasoshalisti walitawala pamoja katika serikali ya Cajander, kambi mbili zilizopigana 1918, na wapiga kura wa kulia waliotaka chama cha upinzani chenye heshima walikuwa nacho, Kokoomus iliyojitenga na mashati meusi. Katika uchaguzi wa Julai 1939 IKL ilishuka kutoka viti 14 hadi 8. Kokoomus ilipanda hadi 25. Miezi mitano baadaye, tarehe 30 Novemba, ndege za Kisovieti ziliishambulia Helsinki, na waliokuwa Wekundu na waliokuwa Weupe wakaenda mstari wa mbele katika jeshi moja.